Nyama au maharage: ubora wa protini katika vyungu vya Moshi

Ukimuuliza mkazi wa Moshi ni chakula gani chenye protini bora, jibu la kwanza huwa ni nyama. Maharage, hata yale mazuri yanayopangwa kwa madebe katika soko la Mbuyuni, bado yanahesabiwa kuwa chakula cha shule ya bweni. Wakati huohuo wapo wanaoshauri nyama nyekundu iachwe kabisa kwa kuhofia jongo, presha na saratani. Pande zote mbili zina hoja ya kweli, lakini naona zinakosea mahali pamoja, kwa kuwa zinapima chakula kimoja kimoja ilhali mtu hula sahani nzima.

Hoja ya wapenda nyama haipaswi kudharauliwa. Protini hujengwa kwa viungo vidogo viitwavyo asidi amino. Mwili wa binadamu unahitaji 9 kati ya hizo ambazo hauwezi kuzitengeneza wenyewe, na nyama, samaki, mayai na maziwa vinazo zote kwa uwiano unaotufaa, tena humeng'enywa kwa urahisi kuliko nafaka na mikunde. Vyakula hivyo pia vina vitamini B12, ambayo maharage hayana kabisa, na madini ya chuma yaliyomo katika nyama na samaki hufyonzwa vizuri zaidi kuliko yale ya mimea.

Hata hivyo, chukua makande. Mahindi yana upungufu wa laisini na triptofani, ambazo ni mbili kati ya zile asidi amino 9. Maharage yana laisini kwa wingi lakini yamepungukiwa na nyingine, methionini, ambayo mahindi yanayo. Vikipikwa chungu kimoja, kila kimoja huziba pengo la mwenzake, na mlaji hupata protini inayokaribia ile ya wanyama bila kwenda buchani. Wala malighafi haitoki mbali: Lyamungu 90 na Selian 97 ni mbegu za maharage zilizotokana na kazi ya watafiti wa kanda hii hii ya Kaskazini.

Lakini si kila chakula cha asili kina sifa hiyo, na hapa sikubaliani na wanaosifu kila walichokula mababu. Gramu 100 za ndizi mbichi zina protini ya gramu moja na ushei tu. Kwa hiyo kiburu, ambacho ni ndizi na maharage, kina thamani kulingana na wingi wa maharage yake, na mtori hutegemea nyama iliyomo. Mtori uliochemshwa kwa mifupa mitupu, ambao mara nyingi mama aliyejifungua hupewa kwa nia njema, una ladha na nguvu ya wanga, lakini protini inayotoka kwenye mifupa na mishipa haina triptofani hata kidogo.

Kuhusu kiasi, kipimo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani takriban gramu 50 kwa mtu mzima wa kilo 60. Bakuli la maharage yaliyopikwa, la gramu 250, hutoa kama gramu 20. Yai moja hutoa 6. Glasi ya maziwa hutoa 8. Na gramu 30 za dagaa wakavu hukaribia 18. Mtu mzima anaweza kufikisha kipimo hicho bila nyama choma, na kilo nzima inayoliwa Jumamosi jioni haimfidii siku sita za ugali na mboga za majani, kwa sababu mwili hauna ghala la protini kama ulilo nalo la mafuta. Wanaoonya juu ya nyama nao wana ushahidi: mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika hilo iliweka nyama zilizosindikwa, soseji zikiwemo, katika kundi la visababishi vya saratani, na nyama nyekundu katika kundi la vinavyoelekea kuwa hivyo. Kati ya kupunguza na kuacha kuna nafasi kubwa, nami nasimama kwenye kupunguza.

Msimamo huo hauwahusu watoto wadogo. Tumbo la mtoto wa miezi 9 halibebi bakuli la makande, na mahitaji yake ya madini ya chuma ni makubwa, hivyo kwake yai, maziwa, dagaa waliosagwa ndani ya uji au maini kidogo si anasa. Katika nyumba nyingi mambo huenda kinyume: firigisi huwekewa baba, na mtoto humiminiwa mchuzi juu ya ugali kwa imani kwamba nguvu yote ya nyama imeingia humo. Mchuzi hubeba chumvi, mafuta na harufu. Protini karibu yote imebaki katika kile kinofu, nacho kikitwangwa laini mtoto hukimeza bila shida.