Harvard ya Sinema na Harvard ya Hati ya Ada

Filamu zinazosimulia maisha ya vyuo vikuu vya hadhi vya Marekani hulaumiwa kwa mambo mawili. Husemwa kwamba huvionyesha vyuo hivyo kuwa baraza la watoto wa matajiri, na kwamba huwadanganya vijana kuwa kipaji au mbwembwe zinatosha kumfungulia mtu mlango. Lawama ya pili ina ukweli wake. Ya kwanza inanitatiza, kwa sababu hutolewa kana kwamba takwimu ziko upande wa wanaolalamika.

Hata Legally Blonde ya 2001, inayodhihakiwa kuliko nyingi, haisomwi kwa makini. Wengi hukumbuka kwamba Elle Woods aliomba nafasi ya kusoma sheria Harvard kwa kutuma video akiwa amevaa vazi la kuogelea. Husahau kwamba filamu hiyohiyo inampa alama 179 kati ya 180 katika mtihani wa kujiunga. Video ni mzaha. Alama hizo, pamoja na wazazi wenye jumba Bel Air, mtaa wa matajiri wa Los Angeles, si mzaha hata kidogo.

The Social Network ya 2010, iliyoongozwa na David Fincher, ina kosa zito zaidi: inadokeza kwamba Mark Zuckerberg alisukumwa kuanzisha Facebook na machungu ya kuachwa na msichana, jambo ambalo mwenyewe alilikanusha. Klabu za wanafunzi wateule zinazomtesa kwenye hadithi, hata hivyo, hazikubuniwa na mwandishi. Porcellian, mojawapo ya klabu hizo, ipo tangu karne ya 18. Kilichobuniwa ni majengo, kwa kuwa sehemu kadhaa za Harvard tunayoiona zilipigwa picha katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Harvard ina desturi ya muda mrefu ya kuwanyima watengenezaji wa filamu ruhusa, na anayefunga geti hana budi kuvumilia kuchorwa na mtu aliyesimama nje.

Watetezi wa chuo hujibu kwamba zaidi ya nusu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza pale Harvard hupata msaada wa kifedha. Ni kweli, na mwaka 2025 chuo kilitangaza kwamba familia yenye kipato kisichozidi dola 100,000 kwa mwaka haitalipa chochote. Ila takwimu hii ya kujivunia inafaa kutazamwa upande wake wa pili. Ikiwa waliosaidiwa ni zaidi kidogo ya nusu, waliobaki, ambao ni takriban wanafunzi wawili katika kila watano au zaidi, wanajilipia yote, na ada, chakula na malazi kwa jumla vimevuka dola 80,000 kwa mwaka. Kadiri msaada unavyokuwa mpana, ndivyo asiyestahili kuupata anavyozidi kuwa tajiri. Utafiti wa mwanauchumi Raj Chetty na wenzake, uliotolewa 2023, ulionyesha kwamba watoto wa asilimia 1 ya familia tajiri zaidi wana uwezekano zaidi ya maradufu wa kusoma katika vyuo vya aina hii kuliko watoto wa tabaka la kati wenye alama zilezile za mtihani. Kwa hiyo mwongozaji anayejaza ukumbi vijana wa kitajiri hajatia chumvi nyingi.

Hoja nzito ya upande wa pili ni kwamba picha hiyo humkatisha tamaa mtoto maskini. Wanauchumi Caroline Hoxby na Christopher Avery walionyesha mwaka 2013 kwamba wengi wa wanafunzi hodari wa familia maskini hawaombi kabisa nafasi katika vyuo hivyo. Lakini waliyoyaona ni kwamba wanafunzi hao wametawanyika katika maeneo ambako ni vigumu kukutana na mwalimu au mwenzao aliyewahi kusoma huko. Wamekosa mtu wa kuwaelekeza, na kosa hilo si la sinema.

Kama nina lawama, ni kwamba pesa zenyewe karibu hazitajwi. Good Will Hunting ya 1997 hukumbukwa kwa mfagizi wa chuo cha teknolojia cha MIT anayekokotoa hesabu ubaoni, lakini ndani yake yumo pia Skylar, mwanafunzi wa Harvard, anayesoma kwa urithi aliouacha baba yake, na ambaye angeurudisha wote kama ungemrudishia mzazi. Katika filamu nyingine za aina hii, ni nadra mno mhusika kuulizwa nani anamlipia.