Malawi 2019: Barabarani huku wakisubiri mahakama

Matokeo ya urais yanapobishaniwa, wapo wanaosema aliyeshindwa aende mahakamani na wafuasi wake watulie majumbani, na wapo wanaoamini kwamba bila umma kujaa barabarani kesi ya namna hiyo hufia kwenye makabati. Malawi ilitembea njia zote mbili kwa wakati mmoja.

Baada ya uchaguzi wa tarehe 21 Mei 2019, Peter Mutharika alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.57 ya kura dhidi ya asilimia 35.41 za Lazarus Chakwera. Kilichowachoma watu zaidi kilikuwa karatasi zenyewe: fomu za matokeo zilikutwa zimepakwa wino mweupe wa kufutia makosa, ule wa makarani wa ofisini, na juu yake zimeandikwa tarakimu nyingine. Maelfu waliandamana kwa miezi kadhaa, wakimtaka mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Jane Ansah, ajiuzulu.

Wanaoyapinga maandamano wana hoja ambayo sioni namna ya kuikwepa, nayo inaitwa Nsundwe. Katika vurugu za Oktoba 2019 kwenye eneo hilo la Lilongwe, askari polisi mmoja aliuawa kwa kupigwa mawe. Polisi walipoingia katika vijiji vya huko kulipiza, wanawake na wasichana walibakwa, na baadaye mahakama iliamuru walipwe fidia. Hakuna hata mmoja wao aliyegusa fomu ya matokeo.

Hata hivyo, siamini kwamba utulivu wa majumbani ungetosha. Mutharika alikuwa amekwisha kuapishwa, vyombo vya dola viko mkononi mwake, na kesi ikaendelea kwa miezi mingi ambamo suala lingeweza kusahauliwa. Tarehe 3 Februari 2020 majaji watano walifikishwa mahakamani kwa gari la jeshi wakiwa wamevaa fulana za kuzuia risasi, wakasoma hukumu kwa saa nyingi huku nchi ikisikiliza redioni. Waliubatilisha uchaguzi na kuagiza mwingine ndani ya siku 150, na mshindi safari hii apate zaidi ya nusu ya kura. Chakwera alishinda mwezi Juni. Ni ushahidi wa zile fomu ulioibeba hukumu, wala si kelele za waandamanaji. Walichofanya waandamanaji ni kulizuia suala lisizikwe kabla ushahidi haujasikilizwa.

Kenya ya 2007 inaonyesha upande wa pili. Upinzani ulikataa kwenda mahakamani kwa kuwa haukuziamini, Mwai Kibaki akaapishwa jioni ile ile aliyotangazwa, na hasira haikuwa na pa kupelekwa. Watu zaidi ya 1,100 walikufa. Katiba ya 2010 ilileta Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2017 iliubatilisha uchaguzi wa urais, ikiwa imepewa siku 14 tu kuamua.

Hapo ndipo penye ugumu ninaouona mkubwa kuliko swali la barabara au mahakama. Siku 14 ni chache mno kwa jopo la majaji kuipitia fomu moja moja. Malawi ilijipa muda wa kutosha kuzichunguza, lakini rais anayebishaniwa akaendelea kutawala muda wote huo, na Nsundwe ilitokea kesi ikiwa bado inasikilizwa.