Mbuzi ya Bibi Imepotea

Mbuzi ninayoisema hapa haina mkia, haili majani, na tangu iundwe haijawahi kulia mee. Ni mbuzi ya kukunia nazi. Nalitangaza hilo mapema kwa sababu laiti ningelitangaza mapema siku ile, nisingejikuta mnadani Pugu saa moja asubuhi, kamba mkononi, na mwisho wa kamba kiumbe kinaniangalia kama vile mimi ndiye niliyeletwa kuuzwa.

Bibi alitoka nayo Mafia mwaka 1968. Alikuwa akisimulia kwamba alipopanda jahazi pale Kilindoni alikuwa na mizigo mitatu: sanduku la bati kichwani, Shangazi mgongoni, mbuzi kwapani. Njiani bahari ikachafuka, nahodha akataka mizigo ipunguzwe. Bibi akatoa sanduku. Nahodha akaitupia jicho ile mbuzi. Bibi akamwambia, "Baba, hii ikienda majini na mimi naenda, na huyu mtoto utamlea wewe." Mbuzi ikafika Dar es Salaam salama. Kadiri sisi wajukuu tulivyokua ndivyo na mawimbi yalivyokua. Nilipofika darasa la tano, papa potwe, yule samaki mkubwa wa Mafia, alikuwa ameshaingia kwenye hadithi na anasukuma jahazi kwa mgongo.

Nyumbani kwa Bibi, Tandika, tulikuwa wajukuu kumi na mmoja na mbuzi moja. Jioni ikifika foleni inapangwa uani. Wa kiume tulikaa kama tumepanda farasi, wa kike walikaa upande na kujifunga kanga vizuri, na kila mtu alikuwa na nazi yake. Tatizo la kukuna nazi kila mtoto wa pwani analijua: nusu inaingia kwenye sinia, nusu inaingia mdomoni. Dawa ya Bibi ilikuwa kuhesabu. Kila mkuno na namba yake, kwa sauti, yeye akiwa jikoni anasikiliza, maana mdomo unaohesabu hauwezi kutafuna. Ukinyamaza kati ya arobaini na saba na arobaini na nane, kinarushwa kifuu. Mimi nilianza darasa la kwanza nikiwa nahesabu mpaka mia tatu, mwalimu akadhani nina akili.

Kwa wakaidi alikuwa na tishio la pili: anayekula nazi ya kukuna, siku ya harusi yake mvua itanyesha. Binamu yangu mmoja hakusikia. Akala nazi utoto wake wote, akakua, akaenda kuoa mwezi wa nne, katikati ya masika. Turubai liling'oka kama kishada. Bibi, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu, alilitazama sufuria la pilau linavyojaa mvua, akamtazama bwana harusi, akasema neno moja tu: "Nazi."

Mbuzi yenyewe ilikuwa ya mfenesi, imekuwa kahawia ya kung'aa kwa sababu ya makalio yetu. Mgongoni ilikuwa na duara jeusi la kuungua. Usiku mmoja wa mgao wa umeme Bibi alitua sufuria la tui juu yake gizani, akidhani ni meza. Duara hilo tulilipenda. Ukiweka kikombe cha chai pale katikati, unajihisi mtu mzima.

Bibi alipofariki, baada ya arobaini watu wazima walikaa kugawana. Nyumba haikuleta ubishi. Shamba la Kisarawe halikuleta ubishi. Ilipofikia mbuzi, baba zangu wakubwa wawili wenye mvi waliacha kusalimiana siku nne. Mwishowe Shangazi, yule yule aliyebebwa mgongoni kwenye jahazi, akatoa hukumu: mbuzi haina mwenyewe, itazunguka. Kila Idd kubwa inahamia nyumba nyingine, na yeye ndiye atakayeipokea, ataikunia nazi ya mkate wa kumimina, kisha ataikabidhi kwa mwingine. Mwaka jana ikaja kwangu, Tabata Kimanga. Nikaitunza kama yai. Miezi kumi na moja na wiki tatu hakuna aliyeigusa, maana mke wangu, na hili naomba libaki kati yetu, anatumia tui la paketi.

Siku tisa kabla ya Idd nikaona si vizuri kuirudisha kwa Shangazi meno yakiwa butu. Jumamosi asubuhi akapita mnoa visu na baiskeli yake, ile ya jiwe la kunolea juu ya usukani. Nikampa visu viwili na mbuzi. Akaitikisa, akasema misumari imelegea, bora akitoe kile chuma akinoe peke yake. Bei elfu moja mia tano. Mimi nina noti ya elfu kumi, yeye hana chenji. Nikasema nakuja sasa hivi.

Kutoka kwangu mpaka dukani ni hatua sitini. Ila katikati ya hatua sitini kuna kijiwe cha kahawa, na siku hiyo palikuwa na kijana anadai fainali ya Kombe la CAF ya mwaka 1993, Simba na wale Stella wa Abidjan, matokeo yalikuwa sare hapa nyumbani. Jamani. Mimi ni Yanga, lakini kuna uongo ambao hata Yanga hawezi kuuacha upite. Nilimweleza kwamba sare ilikuwa kule kwao, hapa Simba walilala mbili bila. Akabisha. Nikaagiza kahawa. Nikaagiza na kashata. Nilipokumbuka chenji, adhuhuri ilikuwa imeadhiniwa.

Mnoa visu hayupo. Baiskeli haipo. Mbuzi haipo.

Nilizunguka Kimanga yote, nikashuka mpaka Segerea, namuulizia kila mtu mwenye baiskeli. Siku ya pili hivyo hivyo. Kila usiku nilirudi pale kijiweni, najitupa kwenye kile kibao kifupi mzee wa kahawa alichokuwa amekitandikia boksi na kitambaa cha kitenge, nashika kichwa, nasimulia upya. Wazee walinipa pole mpaka wakachoka. Mmoja akaniambia, "Mwanangu, kitu kilichopotea mara nyingi kiko chini ya pua." Nikajibu kwa adabu kwamba chini ya pua nimeshatafuta.

Siku ya tano nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp la wajukuu, ambamo kwa hekima Shangazi hayumo: "Ndugu zangu, mbuzi ya Bibi imepotea. Nisaidieni mawazo kabla ya Idd."

Sasa hapa inabidi nisimame kidogo kwenye sarufi. Kwetu pwani mbuzi mnyama *amepotea*, mbuzi ya nazi *imepotea*. Anayesikiliza anajua papo hapo kama akimbilie porini au achungulie kabatini. Lakini dada yangu ameolewa na kijana wa Kongwa, Dodoma. Mtu mwema sana, mwaka wa kwanza kwenye ukoo, na kwao mboga inaungwa kwa karanga. Kwa shemeji, mbuzi *imepotea*, ng'ombe *imepotea*, hata mjomba akichelewa kurudi anaweza akawa *imepotea*. Akanifuata pembeni usiku ule ule.

"Pole sana shemeji. Ilikuwa jike au dume?"

Nikajua ananitania, kunituliza. Nikajibu, "Jike."

"Rangi?"

"Kahawia. Ina duara jeusi mgongoni."

"Meno yapo?"

"Yapo yote. Ndiyo kwanza nilikuwa nayanoa."

Hapo alikaa kimya kama dakika mbili. Kisha akaandika, "Sawa shemeji. Niachie mimi."

Nikalala usingizi wa kwanza tangu Jumamosi. Nilijua atamtafuta seremala huko Dodoma.

Siku mbili kabla ya Idd, simu saa kumi na moja alfajiri. "Shemeji, mimi niko kwenye treni ya umeme, ila mzigo ulitangulia jana na fuso. Tukutane Pugu." Nikajiuliza kibao cha kukunia nazi kinapandaje fuso. Nikasema labda ameongeza na meza.

Nilimkuta mnadani, amevaa shati jeupe, anatabasamu mpaka magego. Mkono mmoja una kibali cha kusafirisha mifugo, mihuri imekamilika. Mwingine una kamba. Na lazima niseme ukweli: kazi aliifanya. Jike, kahawia, duara jeusi mgongoni kama limepimwa kwa bikari.

"Nimezunguka minada mitatu kwa ajili ya hilo duara," akasema. "Na ana mimba. Nilisema kama mlikuwa na mbuzi ya Bibi tangu 1968, basi hiyo si mbuzi moja, ni ukoo. Huwezi kuleta dume."

Mtu akikwambia hivyo utamjibu nini? Nilimkumbatia. Nikamwambia asante.

Bajaji ilitutoza nauli ya watu watatu, na sikuona pa kubishia, maana yule mnyama ndiye aliyekaa dirishani. Tulipopita maeneo ya Vingunguti, penye machinjio, akaanza kulia bila kunyamaza, nami nikawa naziba masikio yake kwa mikono. Dereva akaniuliza kama ni mbuzi wa Idd. Nikamwambia ni wa Bibi. Akanipa pole ya msiba.

Nyumbani mke wangu akatoka, akamtazama mbuzi, akanitazama mimi, akarudi ndani akafunga mlango kwa komeo. Sikuwa na pa kumfunga. Nikampeleka kijiweni, nikamfunga kwenye nguzo, nikaingia kwenye kibao changu cha kila siku kumweleza shemeji taratibu, kuanzia kwenye nazi, tui la kwanza na tui la pili, kwamba kuna mbuzi na kuna mbuzi. Shemeji akawa anaitikia "ehee, ehee," lakini macho yameshaanza kunihurumia.

Nikasikia kitu kinanivuta nyuma. Yule mbuzi alikuwa amekishika kile kitambaa cha kitenge kwa meno. Nikanyanyuka kumfukuza. Akakivuta chote. Halafu akala boksi. Alilila kwa utulivu, kona hadi kona, nasi tukimtazama, na boksi lilipokwisha pakabaki mbao tupu ya kahawia, imeng'aa kwa makalio, na katikati yake duara jeusi.

Kijiwe kizima kilinyamaza. Mzee wa kahawa ndiye aliyeanza: "Hicho si kibao alichokuachia mnoa visu? Alikuja hapa anakutafuta, wewe unabishana mpira, akasema atakirudia. Mimi nikakiweka tu kiti." Kwa siku saba nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nikilia kwamba mbuzi imepotea.

Na chuma? Nilikimbia nyumbani, nikabisha hodi kwa unyenyekevu. Mke wangu akafikiri, akapiga paji la uso. Juu ya kabati kulikuwa na fungu la gazeti: visu viwili, na katikati yake meno ya Bibi, makali kama wembe. Kumbe mnoa visu alimpa mkononi na kumwambia, "Vyuma hivi, mbao iko kijiweni." Lakini maziwa yalikuwa yanafurika jikoni, akasikia vyuma tu. Yaani mbuzi ilichinjwa ile Jumamosi asubuhi, kichwa kikawekwa kabatini, kiwiliwili kikapelekwa kwenye kahawa.

Tuliipigilia misumari mipya jioni ile. Shemeji aliigeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye meno, akakitoa kina damu.

"Ndiyo maana yalinolewa," akasema.

Shangazi alifika usiku wa kuamkia Idd. Nilikuwa nimepanga nimsimulie kidogo kidogo, ila mnyama alilia uani kabla sijamaliza salamu. Ikabidi niseme yote. Hakucheka. Alikwenda uani na tochi ya simu, akamzunguka yule mbuzi mara mbili, akaweka kiganja kwenye lile duara. Akamuuliza shemeji alimpataje, naye akaeleza minada mitatu, kibali, fuso na ule ukoo wa tangu 1968. Shangazi akakaa kwenye mbuzi, ile nyingine, akaomba nazi. Akaanza kukuna. Tukasikia anahesabu kwa sauti. Alipofika thelathini na kitu akanyamaza, nasi sote tukajua amekula.

Shemeji akauliza kama amchinje asubuhi. Shangazi akamtazama kama alivyotazamwa yule nahodha. "Mama yangu alipoteza sanduku kwa ajili ya mbuzi. Wewe umepoteza mishahara mingapi? Huyu hachinjwi. Huyu anazunguka."

Kwa hiyo tangu Idd ile mambo mawili yanahama pamoja. Zamu hii imemwangukia binamu yetu, yule wa mvua, anayekaa ghorofani Magomeni Kota. Ile ya mfenesi ameshaipokea. Kuhusu mwenzake, mpaka naandika hapa binamu ametuma ujumbe wa sauti mara tatu, anauliza kama ni lazima, na kama ni lazima, je, tunajua kwamba amejifungua mapacha?