Stenti, kompyuta na goti linalokunjwa

Mtoto anayetengeneza gari la waya hahitaji koleo. Anaukunja waya huku, anaukunja kule, mara ya kumi au ya ishirini unakatika mkononi, na pale ulipokatikia pana joto. Hakuna mkunjo hata mmoja uliokuwa na nguvu ya kuukata. Umekatwa na wingi wa mikunjo. Wahandisi huuita uchovu wa metali, na ndio unaowakosesha usingizi watengenezaji wa vifaa vinavyopandikizwa mwilini.

Chukua stenti, kile kibomba cha wavu kinachowekwa ndani ya mshipa wa damu ulioziba. Nyingi za pajani ni za nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani karibu nusu kwa nusu. Ukiibana inanywea, ukiiachia inarudia umbo lake. Daktari huipitisha ikiwa imebanwa ndani ya mrija mwembamba. Akiuvuta mrija nyuma, stenti inachanua yenyewe. Moyo hupiga kama mara milioni 40 kwa mwaka, kwa hiyo stenti hupimwa kwa mapigo milioni 400, sawa na miaka 10. Mashine ya maabara ikienda mapigo 50 kwa sekunde, hiyo ni miezi mitatu. Ukibadilisha unene wa kijiti kimoja cha wavu wake, unaanza upya.

Ndiyo maana wengi wamekimbilia kompyuta. Programu huigawa stenti katika vipande vidogo sana, ikakokotoa kila kimoja kinavutwa kiasi gani, na kona itakayovunjika kwanza inajulikana kabla hata kifaa hakijatengenezwa. Wengine wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, na wenzao walitangaza jaribio zima lililofanywa kwa wagonjwa wa kompyuta, wenye maumbo 82 tofauti ya uvimbe wa mishipa ya ubongo. Kifaa kilichojaribiwa, cha kuelekeza damu isiingie kwenye uvimbe, kilifaulu kwa asilimia 82.9. Majaribio matatu ya watu halisi yalikuwa yametoa kati ya asilimia 74.8 na 86.8.

Wenye shaka nao wana lao. FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, iliwahi kuvipa vikundi 28 kutoka sehemu mbalimbali za dunia swali moja: maji maji yatapitaje kwenye mrija wa milimita 12 unaofinywa hadi milimita 4 kisha kupanuka tena? Si moyo, si ubongo, mrija tu. Majibu, yaliyochapishwa 2012, yalitawanyika vibaya yalipolinganishwa na vipimo vya maabara, hasa baada ya ule mfinyo. Na hao walikuwa watu wanaoijua kazi.

Hata hivyo, kwangu mimi mrija ule si hoja nzito kuliko zote dhidi ya kompyuta. Hesabu mbovu hukamatwa, kama ilivyokamatwa hapo. Kinachonitia hofu ni hesabu sahihi ya swali lisilo lenyewe. Mwaka 2005 madaktari wa Leipzig, Ujerumani, walitangaza matokeo ya kuipiga eksirei miguu 121 iliyokuwa imewekewa stenti za nitinoli, kwa wastani chini ya mwaka mmoja baada ya tiba. Katika miguu 45 walikuta vijiti vimevunjika. Vipimo vya wakati ule viliangalia zaidi mapigo ya moyo, lakini mshipa wa pajani haupigwi na moyo tu. Mtu akitembea au akikaa, unajikunja, unajisokota, unafupika. Mashine ya chuma haikuulizwa habari za goti, na kompyuta nayo ingepewa mapigo matupu ingejibu vilevile.

Tofauti ni kwamba kompyuta huulizwa upya kwa gharama ndogo. Baada ya hapo watafiti walianza kuwapiga picha watu waliokunja magoti wakiwa wamelala ubavu, wakapima mshipa unafupika kiasi gani, na vipimo hivyo vikaingia kwenye hesabu. Mwongozo wa FDA wa 2023 nao unaelekea huko: kadiri uamuzi unavyoegemea modeli, yaani hiyo hesabu ya kompyuta, na kadiri kosa linavyoweza kumdhuru mgonjwa, ndivyo ushahidi wa kuiamini modeli unavyotakiwa kuwa mzito. Nauona ni msimamo wa haki, ingawa haumlazimishi mtu kuuliza ni goti la nani.

Maana goti la kwenye kiti si goti la kwenye mkeka. Mwenye kuswali sala tano ana rakaa 17 za faradhi, kila rakaa sijda mbili: mara 34 kwa siku, zaidi ya 12,000 kwa mwaka, kabla ya sunna. Ongeza choo cha kuchuchumaa na jiko la mafiga. Mbele ya mapigo milioni 40 ni hesabu ndogo, lakini kila mkunjo ni wa kina, kama ule wa mtoto na waya wake. Kuiongeza kwenye modeli ni suala la kuandika mstari mmoja zaidi kwenye jedwali la mizigo, yaani nguvu zinazoikunja na kuivuta stenti.