Kukata mafuta ya samaki hakupunguzi zebaki

Ushauri wa kuondoa ngozi na mafuta ya samaki una maana kwa DDT, sumu ya kuua wadudu, ambayo hujificha kwenye mafuta. Kwa zebaki haufai kitu. Methilizebaki, aina ya zebaki inayojikusanya kwenye samaki, hushika salfa ya protini, kwa hiyo inakaa kwenye mnofu wenyewe. Tena ukimkaanga sangara, maji ndiyo yanayotoka. Zebaki inabaki, na kila gramu ya mnofu inakuwa na nyingi kuliko ilipokuwa mbichi.

Zebaki inayotoka kwenye marudio (mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa) ya wachimbaji wadogo wa dhahabu huanza kuwa hatari ya mezani ikifika kwenye tope lisilo na oksijeni, ambako bakteria huigeuza kuwa methilizebaki. Mwani huinyonya, vijidudu vya majini hula mwani, dagaa huwala hao, sangara humla dagaa. Kila mlaji anaingiza haraka kuliko anavyotoa, ndiyo maana sangara mkubwa, mzee, ana nyingi kuliko mdogo wa maji yaleyale.

Kwa binadamu, nusu ya methilizebaki iliyomo mwilini huondoka kwa takriban siku 50. Ini huimwaga kupitia nyongo, lakini utumbo huinyonya tena sehemu kubwa. Inayotoka chooni hasa ni ile iliyovunjwa na bakteria wa utumboni. Anayekula mikrogramu 10 kila siku hujaza hadi karibu 700 baada ya miezi minane hivi, kisha anasimama hapo. Akiacha, siku 150 baadaye amebaki na kama 90. Kwa hesabu hiyo, kumwambia mama aache samaki wakubwa akiwa tayari na mimba ni kuchelewa. Methilizebaki hupita kondo la nyuma, na ubongo wa mtoto hausubiri. Aambiwe nusu mwaka kabla.

Kinachonikera zaidi ni kusema samaki "amepita kipimo", yaani amefaulu na ni salama. Kikomo cha nchi nyingi ni miligramu 0.5 kwa kilo ya samaki. Wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, wameweka mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa wiki: mwanamke wa kilo 60 anaruhusiwa 96. Samaki aliyegusa kikomo anammalizia posho hiyo kwa gramu 190 tu! Wa 0.05 angemruhusu karibu kilo mbili. Sisemi watu waache samaki. Vipimo vingi vya Ziwa Victoria vimekuwa chini ya 0.5. Nasema dagaa wawe chakula cha kila siku, sangara mkubwa wa mara mojamoja. (Dagaa wakavu wamepoteza maji, usilinganishe kilo yao na ya wabichi.)

Anayetaka kupimwa asikubali mkojo peke yake. Mkojo huonyesha mvuke wa zebaki wanaouvuta wachoma dhahabu. Zebaki ya samaki hupimwa kwenye damu au nywele: zikatwe kisogoni, karibu kabisa na ngozi, na upande wa shina uwekewe alama. Sentimita moja ni kama mwezi mmoja.