Mwingereza na Mbritishi si mtu mmoja jamani

Miaka sita nilokaa Glasgow, Skotland, mama alikuwa akiwaambia watu mtaani kwetu Unguja mwanangu yupo Uingereza, na mie nikisema hivohivo, mpaka siku nilipomwambia mwenzangu kazini nyie Waingereza mnapenda chai kweli, yule bwana akanyamaza alafu akaniambia kwa upole mie si Mwingereza, mie Mskoti, na nikaona kabisa limemuuma. Kiswahili tunaita nchi nzima Uingereza ndo maana tunawachanganya, wenyewe hawachanganyiki: Mwingereza ni wa England, Mskoti wa Skotland, Mbritishi ni raia wa nchi nzima.

Na sisi Wazanzibari ndo tungekuwa wa mwanzo kulielewa hili. England na Skotland ziliungana 1707, ilipofika 1999 Waskoti wakapata tena bunge lao Edinburgh, Wales nao wakapata baraza lao Cardiff, ila England mpaka leo haina bunge lake peke yake, mambo yake yanaamuliwa palepale Westminster, bunge kuu la London, pamoja na ya Muungano. Si ndo Tanganyika hiyo? Sisi tuna Rais wetu na Baraza la Wawakilishi, Tanganyika imo ndani ya serikali ya Muungano, kwahiyo mtu wa bara hana haja ya kuzitenganisha, kwake bara na Tanzania ni kitu kimoja, na Mwingereza naye yuko hivohivo na Britishi yake. Kwenye mpira Waskoti wametuzidi, wao wana timu yao FIFA, sisi CAF walitupokea 2017 na mwaka huohuo wakatutoa, mie linanichoma mpaka leo.

Sasa nipo Leicester na hapa ndo linanigusa nyumbani kwangu. Mie nimekula kiapo nikapewa cheti, ni Mbritishi na hakuna anayebisha, ila kuwa Mwingereza hakuna cheti chake. Angalia sensa ya 2021, swali la utaifa unajiita utakavyo sawa, lakini njoo kwenye swali la asili, ukiwa mzungu kisanduku kina neno Mwingereza, ukiwa mweusi unaandikiwa Mbritishi mweusi basi. Mwanangu kazaliwa hapa, skuli hapa, anaongea kama watu wa Leicester, kisanduku chake kipi?

2023 Waziri Kiongozi wa Skotland alikuwa Humza Yousaf, mama yake kazaliwa Kenya, na London Waziri Mkuu alikuwa Rishi Sunak, baba kazaliwa Kenya mama Tanganyika. Watoto wa Afrika Mashariki wote wawili hao. Yousaf anajiita Mskoti na huko nilikoishi sikuona watu wanashangaa, Sunak aliezaliwa Southampton ikafika 2025 watu wakabishana hadharani kama kweli ni Mwingereza, na wengine wakasema hapana, ni Mbritishi tu. Mtu kaongoza nchi nzima alafu anaambiwa hivo! Nadhani Waskoti wamefanya jina lao kuwa la mahali, yeyote alofanya maisha pale anaingia, Waingereza wengi bado wanalihesabu kwa damu, na nalisema hili kwa uchungu kwasababu majirani zangu wengi hapa ni watu wema sana.

Fainali ya Euro 2024 binti yangu alijichora shavuni msalaba mwekundu wa bendera ya England, England ilipofungwa na Spain alilia mpaka akalala na rangi yake usoni.