Mkopo wa miaka 20, seva ya miaka 6

Mikopo ya nje ya kujenga serikali mtandao ikijadiliwa, mjadala huishia kwenye riba. Waziri husimama bungeni, hutaja asilimia 2, hutaja miaka 20 ya kulipa, na wabunge hupiga meza. Riba ni ndogo kweli. Lakini hesabu ikifuatwa hadi mwisho, riba ndiyo yenye matatizo machache kuliko vipengele vyote.

Tuwape nafasi kwanza wanaoitetea, maana hoja yao si nyepesi. Mfumo wa kitambulisho cha taifa, mkongo wa faiba au kituo cha kuhifadhi data hutaka fedha nyingi kwa mkupuo, na faida yake huja polepole. Bajeti ya mwaka ya nchi maskini, yenye mishahara na dawa za hospitali ndani yake, haiwezi kubeba mzigo huo. Nje ya mikopo nafuu kuna soko la kibiashara, na soko halina huruma: Februari 2024 Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 kwenye soko la Eurobond, yaani hati fungani zinazouzwa nje kwa fedha za kigeni, kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Ukilinganisha na IDA, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha nchi maskini tangu 1960, unaona tofauti ya mbingu na ardhi. Masharti yake ya kawaida yamekuwa miaka 38, sita ya mwanzo bila kugusa deni lenyewe, na ada ya huduma ya asilimia 0.75 (mkopo wa dola huwa juu kidogo). Waziri wa fedha anayekataa fedha za namna hiyo ana maelezo ya kutoa.

Tena si mikopo yote iliyozama. Mkongo wa taifa wa Tanzania ulijengwa kwa mkopo nafuu wa Benki ya Exim ya China, benki ya serikali inayogharamia biashara ya nje, na leo unauza huduma kwa nchi jirani zisizo na bahari. Ni miundombinu inayoingiza fedha za kigeni, na deni lake nalo ni la fedha za kigeni. Uganda nayo ilijenga mkongo wake kwa mkopo wa takriban dola milioni 106 kutoka benki hiyohiyo. Palikuwa na kelele nyingi bungeni kuhusu aina ya nyaya zilizofukiwa na bei iliyolipwa, na baadhi ya kelele hizo zilistahili. Hata hivyo nyaya zipo chini ya ardhi, na ofisi za serikali zinazitumia.

Hapo ndipo ninapotaka tutenganishe vitu viwili ambavyo mikataba hupenda kuvifunga katika furushi moja: mtaro na kisanduku. Mtaro wa faiba ukichimbwa vizuri hudumu miaka 20 au 25, karibu sawa na umri wa deni. Kisanduku, yaani seva, swichi na vifaa vya ulinzi wa mtandao, huzeeka kwa miaka mitano hadi saba, na mara nyingi huzikwa na mtengenezaji mwenyewe siku anapoacha kutoa masasisho.

Chukua mkopo wa dola milioni 50 kwa asilimia 2, miaka 20, mitano ya kwanza ikiwa ya neema. Katika miaka hiyo mitano unalipa riba tu, dola milioni moja kwa mwaka, na kila mtu anafurahi. Mwaka wa sita ndipo unapoanza kulipa deni lenyewe, kama dola milioni 3.3 kila mwaka kwa miaka 15. Mwaka huohuo wa sita ndipo seva zinapoanza kuomba kustaafu. Yaani siku Hazina inapolipa awamu ya kwanza ya mtambo wa zamani, inatakiwa pia kutafuta fedha za mtambo mpya. Ukikopa tena, ifikapo mwaka wa 13 unalipia vizazi viwili vya vifaa, kimoja kikiwa kimeshauzwa kama chuma chakavu.

Papua New Guinea wanaijua hadithi hii. Kituo chao cha taifa cha data kilijengwa na Huawei, kampuni ya China, kwa mkopo wa takriban dola milioni 53 kutoka Exim ya China, kikafunguliwa 2018. Ripoti iliyojulikana hadharani 2020 ilisema vifaa vya ulinzi vilivyowekwa vilikuwa vimeachwa na mtengenezaji wake miaka miwili kabla kituo hakijaanza kazi, na kwamba fedha za kukitunza hazikutengwa za kutosha. Serikali ikakiita uwekezaji ulioshindikana. Haki itendeke: ripoti hiyo ililipiwa na Australia, ambayo ilikuwa imegharamia sehemu kubwa ya mkongo wa baharini wa Coral Sea, unaoiunganisha Papua New Guinea na Australia, ili Huawei isiujenge, na kampuni yenyewe ilisema mradi ulifuata viwango. Lakini hata ukiyatupa madai yote ya usalama, swali la matunzo linabaki pale pale. Kituo kisicho na fungu la umeme, wahandisi na vipuri ni jengo lenye kiyoyozi.

Na bei? Mikopo nafuu ya Exim ya China hutaka angalau nusu ya manunuzi yafanywe China. Japani ina dirisha lake la mikopo linalotaka mkandarasi mkuu awe Mjapani, na Korea Kusini hufanya mambo ya aina hiyo kupitia mfuko wake wa mikopo ya maendeleo. Hii si dhambi ya taifa moja. Kila mkopeshaji ana viwanda vya kulisha. Tatizo ni kwamba mshindani anapotolewa kwenye zabuni, bei huota mabawa.

Nimelipigia hesabu lile deni la asilimia 2 kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 5 (kinachoshusha thamani ya malipo ya mbele kwa kila mwaka unaopita), ambacho IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, hukitumia kupima unafuu. Unafuu halisi, yaani sehemu ya mkopo ambayo ni kama umepewa bure, unatoka kama asilimia 27, wakati IMF huhitaji angalau 35 ili mkopo uhesabiwe kuwa nafuu. Mkandarasi wa pekee akipandisha bei kwa asilimia 38 tu juu ya bei ya soko, unafuu wote umeliwa. Mkopo wa riba kubwa zaidi wenye zabuni ya wazi ungeweza kuwa rahisi kuliko huo. Mwananchi hawezi kujua, kwa sababu hawezi kuusoma mkataba: watafiti wa AidData, kituo cha utafiti cha Marekani, na wenzao walipochambua mikataba 100 ya wakopeshaji wa China mwaka 2021, walikuta vifungu vya usiri vikiwa vimeenea, na ile iliyosainiwa baada ya 2014 yote ilikuwa navyo.

Upande wa pili wa mizani una jambo ambalo wapinzani wa mikopo hulipuuza. Mkopeshaji mwenye masharti wakati mwingine husukuma mambo mema. Mradi wa vitambulisho wa Nigeria wa dola milioni 430, uliochangiwa na Benki ya Dunia, Ufaransa na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ulienda sambamba na msukumo wa kupata sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, iliyosainiwa 2023. Jamaika ilianza kwa mlango mwingine: Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika iliidhinisha dola milioni 68 za kitambulisho cha taifa, na Aprili 2019 mahakama ikaifuta sheria iliyokibeba kwa kukiuka haki ya faragha. (Mkopo huo haukuwa wa masharti nafuu kwa maana kali, ila somo halibadiliki.) Fedha zilikuwepo, sheria haikuwa imeiva.

Mimi naelekea wapi? Mtaro nakopea bila kusita. Sheria, mafunzo ya watu na kazi ya kufanya mifumo isomane nakopea pia, ikiwa ni kwa masharti kama ya IDA, kwa sababu matunda yake huishi kuliko deni. Kisanduku na leseni ya kila mwaka sikopei fedha za kigeni. Hizo ni matumizi ya kawaida, na zikae kwenye bajeti ya kawaida ambako mkaguzi anaziona. Atakayesema huo ni ubahili wa mtu asiye na ofisi, namwelewa. Kituo cha data cha Diamniadio, Senegal, kilichofunguliwa 2021 kwa mkopo wa China, kilipewa jukumu la kurudisha nyumbani data za serikali zilizokuwa zikihifadhiwa nje, na hilo si jambo dogo.

Ila Ethiopia imenifanya nifikiri upya. Kitambulisho chao cha Fayda kinaendeshwa kwa MOSIP, programu huria iliyozaliwa katika chuo kimoja Bangalore, isiyolipiwa leseni. Benki ya Dunia ilipoidhinisha dola milioni 350 kwa ajili yake Desemba 2023, mazungumzo na muuzaji wa programu hayakuwa tena kiini cha mradi. Kilichobaki kugharamiwa ni kazi ngumu ya kumfikia mtu mmoja mmoja, kuchukua alama za vidole vyake na kumpa namba.